Bakteria nao hufunga mkanda wakiona polisi

Panda matatu yoyote ya Thika Road asubuhi, uangalie mikanda ya usalama. Ipo. Mingine imening'inia kando ya viti, mingine abiria wameikalia, mingine ina vumbi la tangu gari litoke bandarini. Hakuna aliyeifunga. Halafu makanga anachungulia dirishani na kupaza sauti: "Fungeni mikanda, wako hapo mbele!" Kufumba na kufumbua, gari zima limejifunga kama marubani. Afisa anapiga jicho ndani, anaona raia wema, anawaachilia. Mita 200 mbele, klik klik klik, mikanda yote imefunguliwa.

Sasa weka bakteria mahali pa abiria. Mahali pa mkanda weka jeni ya kuhimili dawa. Mahali pa polisi weka ile antibiotiki uliyonunua jana kwa duka la dawa pale mtaani. Hivyo ndivyo bakteria wengi wanavyoishi ndani yako, na ukilielewa hilo utajua kwa nini daktari hukunja uso ukimwambia umemeza kapsuli mbili tatu "za kusukuma siku".

Mtaani tunasema mwili wa fulani "umezoea dawa". Wasee, mwili hauzoei antibiotiki. Anayebadilika ni bakteria. Na mara nyingi hahitaji hata kubadilika, kwa sababu silaha anayo tayari, ila ameizima. Kinachoiwasha ni dawa yenyewe.

Soma sentensi hiyo ya mwisho tena polepole, maana ndiyo habari yote ya leo.

Askari wa geti

Kila bakteria ana uzi mrefu wa DNA, na kwenye uzi huo zimepangwa jeni. Jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini fulani. E. coli, bakteria anayeishi kwenye utumbo wa karibu kila binadamu, ana jeni zaidi ya 4,000. Hazisomwi zote kwa pamoja. Nyingine hulala mpaka zihitajike.

Waliofafanua jinsi bakteria anavyowasha na kuzima jeni zake ni Wafaransa wawili, François Jacob na Jacques Monod, mwaka 1961. Walikuwa wanachunguza jinsi E. coli anavyokula sukari ya maziwa. Waligundua kwamba sukari hiyo isipokuwepo, hatengenezi vimeng'enya vya kuivunja. Kuna protini inayokalia DNA na kuzuia jeni isisomwe, na sukari ikifika, protini hiyo inabanduka. Walipewa Tuzo ya Nobel 1965 pamoja na mwenzao André Lwoff.

Jeni nyingi za kuhimili dawa hutumia ujanja huo huo. Tuchukue tetrasaiklini, mojawapo ya familia za kale za antibiotiki, ambayo ndugu yake doksisaiklini bado huandikiwa watu kila siku. Kazi ya tetrasaiklini ni kuingia ndani ya bakteria na kukwamisha ribosomu, yaani vile viwanda vidogo vinavyotengeneza protini. Bila protini mpya, bakteria hakui wala hagawanyiki.

Lakini kuna bakteria wenye jeni ya pampu inayoitwa TetA. Pampu hiyo hukaa kwenye utando wa seli na kazi yake ni moja: kuitupa tetrasaiklini nje kabla haijaharibu kitu. Kando ya jeni ya TetA kuna jeni ya protini nyingine, TetR. Huyu TetR ndiye askari wa geti. Dawa isipokuwepo, anakalia DNA pale pale mahali ambapo jeni ya pampu huanzia kusomwa. Geti limefungwa, pampu haitengenezwi.

Tetrasaiklini ikiingia, hujishikanisha na magnesiamu iliyomo ndani ya seli, kisha hunata kwenye mwili wa TetR. Askari anabadilika umbo, makalio yake hayatoshei tena kwenye kiti, anadondoka kutoka kwenye DNA. Geti liko wazi. Pampu zinatengenezwa chapchap na dawa inaanza kutupwa nje.

Hapa ndipo pana ufundi wa kukuacha mdomo wazi. TetR hushikana na tetrasaiklini kwa nguvu kuliko ribosomu inavyoshikana nayo. Maana yake ni kwamba kengele hulia kabla wizi haujatokea. Dawa kidogo tu, ile isiyotosha hata kukwamisha viwanda, inatosha kumwondoa askari na kuwasha pampu. Dawa ikiisha ndani ya seli, askari anarudi kitini na geti linafungwa upya.

Swichi hii ni safi kiasi kwamba wanasayansi wenyewe waliikopa. Mwaka 1992, Manfred Gossen na Hermann Bujard, wakiwa Heidelberg, Ujerumani, waliitumia kutengeneza mfumo wa kuwasha na kuzima jeni kwenye seli za mamalia. Leo maabara nyingi duniani huwapa panya doksisaiklini ili tu kugeuza swichi ya jeni wanayoichunguza. Kifaa cha bakteria kimekuwa kifaa cha watafiti.

Tokeni haziji bure

Utauliza: kama pampu ni nzuri hivyo, si bakteria angeiacha imewaka saa zote?

Mtu yeyote anayelipia stima kwa tokeni anajua jibu. Huwezi kuacha koili imewaka usiku kucha eti labda asubuhi utataka chai. Tokeni zitaisha kabla jogoo hajawika.

Bakteria naye ana bajeti. Kutengeneza protini kunakula nguvu. Zaidi ya hapo, pampu za TetA zikijazana kwenye utando, chaji ya umeme ambayo seli hutumia kuendesha shughuli zake huvuruga. Seli hudhoofika, na zikizidi sana hufa. Kumbuka pia kwamba E. coli mwenye chakula na joto la kutosha anaweza kugawanyika kila dakika 20. Katika mbio kama hizo, anayebeba mzigo asiouhitaji huachwa nyuma na jirani yake asiye na mzigo.

Ndiyo maana silaha hukaa imezimwa. Na ndiyo maana, mahali pasipo na dawa, wenye silaha mara nyingi hubaki wachache kati ya wengi. Hiyo ni habari njema, mradi tu tuwaachie hali hiyo.

Na usidhani silaha hizi zilianza na mahospitali. Antibiotiki nyingi tunazotumia zilitoka kwa viumbe wa udongoni, hasa bakteria wa kundi la streptomisi, wanaozitengeneza wenyewe. Anayetengeneza sumu lazima awe na njia ya kujikinga nayo. Mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza udongo ulioganda kwa miaka 30,000 kule Yukon, Kanada, wakakuta jeni za kuhimili penisilini, tetrasaiklini na vankomaisini. Wakati huo hakukuwa na daktari, hakukuwa na duka la dawa. Jeni zilikuwepo. Tulichofanya sisi ni kuzipa sababu ya kuwashwa kila siku.

Polisi wawili, ripoti moja ya uongo

Rudi kwenye ile matatu. Kama mtu angehesabu mikanda kabla ya makanga kupiga kelele, angeandika kwenye ripoti kwamba hakuna anayejua kufunga mkanda. Angekuwa amedanganyika. Maabara nazo zinaweza kudanganyika vivyo hivyo.

Mfano ni stafilokoka, bakteria anayesababisha majipu, vidonda vyenye usaha na wakati mwingine maambukizi hatari ya damu. Dawa mbili za kumpiga ni erithromaisini na klindamaisini. Zote hukwamisha ribosomu karibu mahali pamoja. Baadhi ya stafilokoka wana jeni inayoitwa erm, ambayo hutengeneza kimeng'enya cha kuweka alama ndogo kwenye ribosomu. Alama hiyo ikishawekwa, dawa haipati pa kushika.

Swichi ya erm inafanya kazi kwa njia ya ajabu. Hapa hakuna askari anayekalia DNA. Nakala ya jeni hutolewa kabisa, lakini imejikunja kama karatasi iliyofichwa kiganjani, na mahali pa kuanzia kusoma hapaonekani. Mwanzoni mwa nakala hiyo kuna kipande kifupi kisicho na maana kubwa. Erithromaisini ikiwepo kidogo, ribosomu iliyonaswa na dawa huanza kukisoma kipande hicho, inakwama katikati. Kule kukwama kwake ndiko kunakokunjua karatasi. Ribosomu nyingine ambazo hazijanaswa zinaona sehemu iliyokuwa imefichwa, zinaisoma, na kimeng'enya kinatengenezwa. Yaani pigo la dawa ndilo linalofungua mlango wa kuikwepa.

Klindamaisini ikiwa peke yake haiwezi kuwasha swichi hiyo vizuri. Kwa hivyo ukimpima stafilokoka kwa klindamaisini pekee, anaonekana dhaifu, anakufa vizuri, ripoti inasema dawa inafaa. Lakini silaha anayo mfukoni. Ndani ya mgonjwa kukiwa na wachache ambao swichi yao imeharibika na kubaki imewashwa, hao watabaki hai, watazaana, na siku chache baadaye jipu liko pale pale.

Wataalamu wa maabara walipata dawa ya uongo huo, na haihitaji mashine ya mamilioni. Wanapaka bakteria kwenye sahani, kisha wanaweka vidisku viwili vya karatasi, kimoja cha erithromaisini na kingine cha klindamaisini, vikiwa milimita 15 hadi 26 mbali. Wanaiacha usiku kucha. Kama bakteria ana swichi ya erm, duara safi linalozunguka klindamaisini linabonyea upande unaotazama erithromaisini, kwa sababu upande huo wameshatahadharishwa. Umbo linalobaki ni la herufi D. Ukiona D, klindamaisini haiandikwi kama dawa ya kutegemewa.

Ndiyo maana daktari akikuambia usaha wako upelekwe maabara, usimwone kama anatafuta pesa zako tu. Kuna mambo ambayo macho hayaoni, na hata kipimo cha haraka hakioni.

Swichi ikiharibika: kisonono

Hii sehemu inatuhusu sana sisi vijana, kwa hivyo tusione haya.

Wikendi imekuwa ndefu, kondomu ilisahaulika, Jumatatu mtu anapitia dukani kununua azithromaisini "ya kujisafisha". Hajapimwa, hana dalili, ana wasiwasi tu. Bakteria wa kisonono, kama wapo, wanapokea ujumbe.

Bakteria huyo ana pampu inayoitwa MtrCDE. Hutupa nje vitu vingi tofauti, zikiwemo azithromaisini na mafuta fulani ambayo mwili wetu hutoa kujikinga. Pampu hii ina askari wake, MtrR, ambaye ni wa ukoo mmoja na yule TetR tuliyekutana naye. Kwa kawaida anaibana ifanye kazi kwa kiasi.

Lakini katika bakteria wengi sugu wa kisonono, mahali ambapo MtrR hukalia pameharibika. Wakati mwingine ni herufi moja tu ya DNA iliyopotea. Herufi moja! Askari hawezi kuzuia tena, na pampu inakimbia saa zote. Huyu si bakteria anayefunga mkanda akiona polisi. Huyu mkanda wake umegoma kufunguka.

Nilisema kuacha silaha imewashwa kuna gharama. Hapa kuna shida: si kila mara gharama hulipwa. Watafiti waliowaambukiza panya bakteria wa kisonono wenye MtrR iliyoharibika waliona wengine wakistawi kuliko wale wa kawaida, hata bila dawa, kwa kuwa pampu iliwasaidia kukwepa kinga za mwili. Kwa maneno mengine, kuna bakteria ambao wakishakuwa sugu hawana sababu ya kurudi nyuma.

Matokeo yake tunayaona. Siprofloksasini, ile wengi tunaiita sipro, iliwahi kutibu kisonono kwa tembe moja. Bakteria wakabadilisha mahali dawa inaposhika, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, WHO, likaondoa familia nzima ya sipro kwenye mapendekezo yake ya kutibu kisonono. Tegemeo kubwa leo ni sindano ya seftriaksoni. Baada ya hapo, foleni ya dawa zilizobaki ni fupi sana.

Kelele za dharura

Sipro ina jambo lingine. Hushambulia vimeng'enya vinavyokunjua DNA ya bakteria, na matokeo yake DNA hukatika. Bakteria mwenye DNA iliyokatika hupiga kelele ya dharura, ambayo wanasayansi wanaiita mwitikio wa SOS.

Hapa pia kuna askari. Anaitwa LexA, na kwa E. coli analinda jeni zaidi ya 40 kwa pamoja. DNA ikikatika, protini ya RecA hujipanga kwenye vipande vilivyokatika na kumfanya LexA ajikate mwenyewe katikati. Mageti yote 40 yanafunguka. Jeni nyingi kati ya hizo ni za kukarabati. Lakini zimo pia za mafundi wa jua kali, vimeng'enya vinavyonakili DNA harakaharaka huku vikikosea. Kila kosa ni bahati nasibu. Mengi hayana faida, lakini kati ya mamilioni ya bakteria, mmoja anaweza kuangukia kosa linalomfanya asiguswe na sipro.

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walijaribu bakteria ambao LexA wao hawezi kujikata. Walipowatibu panya kwa sipro, bakteria hao walishindwa kujenga usugu. Geti likikataa kufunguka, bahati nasibu haichezwi. Ndiyo maana kuna wanasayansi wanaotafuta dawa ya kuzuia swichi, imezwe pamoja na antibiotiki. Mpaka sasa hakuna iliyofika dukani.

Na kelele hiyo haiishii kwa bakteria mmoja. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba kwa bakteria wa kipindupindu, mwitikio wa SOS huchochea kipande cha DNA kinachoitwa SXT, chenye jeni za kuhimili dawa kadhaa, kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. Dawa iliyokatakata DNA ya mmoja inamfanya agawie wenzake silaha. Ni kama makanga amepiga kelele, halafu akaanza kugawa mikanda kwa magari ya jirani.

Taifodi ya nyumbani

Kwetu Kenya, mfano mzuri wa silaha zinazosafiri pamoja ni taifodi. Bakteria wake, aina ya salmonela, anaweza kubeba plasmidi, yaani duara dogo la DNA lililo nje ya uzi mkuu, ambalo hurudufishwa na kupitishwa kwa wengine. Plasmidi moja inaweza kubeba jeni za kupinga ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli kwa wakati mmoja. Hizo ndizo dawa ambazo zamani zilikuwa tegemeo la kutibu taifodi. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Samuel Kariuki wa KEMRI walichapisha matokeo kwamba taifodi sugu nchini inatawaliwa na ukoo mmoja, H58, ambao umeenea pia Kusini-Mashariki mwa Asia.

Sasa fikiria ni mara ngapi umeambiwa una "malaria na taifodi". Kipimo cha Widal, ambacho kliniki nyingi za mitaani hutegemea, hakimtafuti bakteria mwenyewe. Hutafuta kingamwili za mwili, na kinaweza kusema una taifodi wakati huna, au uliugua zamani ukapona. Kipimo kinachoaminika zaidi ni kuotesha bakteria kutoka kwenye damu, na kinachukua siku kadhaa.

Kwa hivyo mtu mwenye homa ya virusi anapewa sipro. Virusi havijali. Lakini bakteria wasio na hatia ndani ya utumbo wake, mabilioni kwa mabilioni, wote wanamwona polisi. Wasio na mkanda wanakufa. Wenye mkanda wanafunga na kubaki. Wiki ijayo mtu huyo amepona homa ambayo ingepona yenyewe, na utumbo wake umejaa waliosalia. Miezi michache baadaye mmoja wao anahamia kwenye njia ya mkojo, na UTI iliyokuwa ikitibiwa kwa tembe inahitaji sindano na kitanda cha hospitali.

Dozi ya mia

Tuseme ukweli, watu hawanunui kapsuli tatu kwa sababu ni wajinga. Wananunua tatu kwa sababu mfukoni kuna mia moja, kwa sababu foleni ya hospitali ya umma inaanza saa kumi na moja alfajiri, na kwa sababu ukikosa kazi leo hulipwi leo. Sheria ya Kenya inasema antibiotiki ni dawa za kuandikiwa. Mtaani sheria hiyo haijavuka barabara.

Lakini kwa kile tulichojifunza, kapsuli tatu ni biashara mbaya hata kwa anayehesabu shilingi. TetR hahitaji dawa nyingi ili aondoke kitini. Kiasi kidogo kinatosha kuwasha pampu, bila kutosha kumaliza bakteria. Mwaka 2011 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Uppsala, Uswidi, walionyesha kwamba baadhi ya antibiotiki huwapa wenye usugu ushindi hata zikiwa chini mara mia kadhaa ya kiwango cha kuwazuia bakteria wasio na usugu wasikue. Yaani hata mabaki yanayoingia mtoni, au yaliyomo kwenye nyama na maziwa, yana nguvu ya kuchagua nani azaliane.

Na mabaki hayatoki kwetu peke yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu antibiotiki za mifugo hapa Kenya ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya uzito wake ilikuwa dawa za familia ya tetrasaiklini. Kuku, ng'ombe na nguruwe nao wana E. coli, nao wana askari wa geti, na jeni haziulizi kitambulisho zikivuka kutoka zizini kwenda jikoni.

Kuhusu urefu wa dozi, kuna ujumbe mmoja wa kurekebisha. Tulilelewa tukiambiwa dozi ndefu ndiyo dozi nzuri. Wataalamu sasa wamefupisha matibabu ya baadhi ya maambukizi, kwa sababu siku za ziada zilikuwa zinawachochea bure bakteria wengine mwilini. Kwa hivyo hesabu si "nyingi" wala "kidogo". Ni dawa sahihi, kipimo sahihi, siku alizotaja aliyekupima. Usiongeze, usipunguze, na usimpe shemeji zilizobaki.

Kwa nini ujali, wewe mwenye miaka 23 na afya ya chuma? Kwa sababu mwaka 2019 usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa kufika milioni 1.27 duniani, na mmoja kati ya kila watano alikuwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Kwa sababu dada yako atajifungua kwa upasuaji, na kidonda chake kitategemea dawa zile zile. Kwa sababu jirani anayepata tiba ya saratani hana kinga, na kinachomweka hai ni antibiotiki inayofanya kazi. Bakteria uliyemfundisha kazi wewe anaweza kwenda kuifanya kwa mwingine.

Ukifika dirishani

Chanjo ni njia moja ya kupunguza dawa bila kumnyima mgonjwa tiba. Mwaka 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya taifodi. Taifodi isiyotokea haihitaji sipro. Kunawa mikono, maji safi na kondomu ni hesabu hiyo hiyo.

Na ukifika kwa duka la dawa, kuna maswali matatu ya bure. Hii ni antibiotiki? Inatibu ugonjwa gani hasa, na umejuaje kwamba ni bakteria? Kuna kipimo ninachoweza kufanya kwanza? Mfamasia aliyesomea kazi yake atakujibu bila kukasirika, na wakati mwingine atakuambia ununue dawa ya maumivu, unywe maji na urudi baada ya siku tatu usipopata nafuu. Huyo mshike, ni rafiki.

Lakini ukieleza unavyojisikia na swali la kwanza linalotoka nyuma ya dirisha ni "uko na pesa ngapi?", funga mkoba wako uende duka lingine.